Sura ya Nne: Tenki, Mirija na Bei ya Ukurasa

Katriji ya wino mweusi ya Canon yenye namba PG-445, inayouzwa Afrika na Mashariki ya Kati kwa ajili ya printa ndogo za nyumbani, hubeba mililita 8 za wino, kiasi kisichojaza vijiko viwili vya chai, na kampuni yenyewe inakadiria kwamba kiasi hicho kinatosha kurasa 180. Chupa ya wino mweusi ya GI-490, ambayo kampuni hiyohiyo huitengeneza kwa ajili ya printa zake zenye matenki, hubeba mililita 135 na inakadiriwa kutoa kurasa 6,000. Kwa hesabu hiyo, mtu anayetaka kuchapa kurasa 6,000 kwa katriji atanunua katriji 34, ilhali mwenzake mwenye printa ya tenki atanunua chupa moja, ambayo bei yake dukani haiko mbali na bei ya katriji moja tu. Tofauti kubwa kiasi hicho haielezwi na ubora wa wino, kwa kuwa katika bidhaa zote mbili wino ni maji yaliyochanganywa na rangi, viyeyushi vinavyozuia kukauka na viungo vingine vya kiasi kidogo; inaelezwa na chombo kinachoubeba wino huo na mpango wa biashara uliojengwa juu ya chombo hicho.

Mfumo wa kulisha wino mfululizo, ambao mafundi huuita kwa herufi za CISS au kwa kifupi mfumo wa tenki, ni njia ya kuachana na chombo hicho. Wino huwekwa katika matenki yanayokaa nje ya printa, hupita katika mirija myembamba inayopindika, na huingia kwenye kichwa cha kuchapia kila kinapouhitaji, hivyo kwamba mtumiaji hana tena katriji ya kubadilisha, kazi yake ikiwa ni kuongeza wino tenkini kwa chupa. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza, lakini utekelezaji wake una masharti ya kifizikia yasiyosameheka, na sehemu kubwa ya malalamiko yanayosikika juu ya mifumo hii hutokana na masharti hayo kupuuzwa.

Kabla ya kufika huko ni lazima ieleweke kwa nini katriji ilifikia bei iliyofikia. Printa za wino zilipoanza kuenea hazikuwa vifaa vya bei rahisi. HP DeskJet, iliyotoka mwaka 1988, iliuzwa Marekani kwa karibu dola 1,000. Katika miaka iliyofuata bei ya mashine ilishuka sana, hadi ikawezekana kukuta dukani printa mpya inayouzwa kwa bei ndogo kuliko seti kamili ya katriji zake, na kushuka huko hakukuwa huruma kwa mnunuzi. Ni biashara ambayo wanauchumi huihusisha na jina la Gillette na wembe wake: kifaa kinachodumu huuzwa kwa faida ndogo au hata kwa hasara, na faida hukusanywa polepole kupitia kitu kinachokwisha na kununuliwa tena. Mnunuzi aliyefurahia bei ya printa siku ya kwanza hulipa tofauti yake kidogo kidogo kwa miaka, na kwa kuwa katriji nyingi zinazokuja ndani ya boksi la printa mpya hazijazwi kikamilifu, malipo hayo huanza mapema kuliko alivyotarajia.

Kichwa cha kuchapia ni kibamba chenye matundu mengi madogo kuliko unene wa unywele, na kila tundu hurusha matone ya wino yanayopimwa kwa pikolita, yaani sehemu moja ya trilioni ya lita. Iwapo kila tone lina pikolita 4, zile mililita 8 za katriji zinatoa matone bilioni 2. Kuna njia kuu mbili za kurusha matone hayo. Ya kwanza hutumia joto: mwaka 1977, katika maabara za Canon nchini Japani, mtafiti Ichiro Endo aliona wino ukiruka kutoka kwenye sindano baada ya sindano hiyo kuguswa kwa bahati na chuma cha moto cha kulehemea, na kutokana na tukio hilo ikazaliwa teknolojia ambayo ndani yake kipashajoto kidogo huchemsha wino kwa muda mfupi mno, povu likafura na kulisukuma tone nje. HP ilifikia wazo linalofanana na hilo kwa njia yake yenyewe. Njia ya pili, ambayo Epson iliishikilia, hutumia fuwele za piezo, zinazojikunja zinapopitishiwa umeme na kulikamua tone bila kuchemsha chochote. Uhusiano huo wa mgandamizo na umeme katika baadhi ya fuwele ulionyeshwa na ndugu Pierre na Jacques Curie mwaka 1880.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana kuwa mambo ya maabara, lakini ndiyo inayoamua ni printa ipi inafaa kufungiwa tenki na ipi haifai. Kichwa kinachotumia joto huchakaa, kwa hiyo katika printa nyingi ndogo za HP na Canon kimeunganishwa na katriji yenyewe, na katriji inapotupwa kichwa hutupwa nacho. Kichwa cha piezo hudumu muda mrefu, kwa hiyo katika printa za Epson hubaki ndani ya mashine maisha yake yote, na katriji huwa ni kisanduku cha wino tu, kisicho na kazi nyingine. Fundi anayefunga mirija kwenye printa ya Epson hulazimika tu kuiondoa katriji na kuweka mahali pake kifaa cha kupokelea wino. Anayefunga kwenye katriji yenye kichwa hulazimika kuitoboa juu, kuziba vizuri mahali mrija unapoingia, na kumwambia mteja wake mapema kwamba baada ya muda kichwa kitachoka na katriji nyingine itabidi inunuliwe na kutobolewa. Fundi asiyelisema hilo anauza nusu ya habari.

Sharti kubwa la kifizikia linahusu kanieneo, yaani msukumo unaokandamiza kila sehemu ya eneo. Matundu ya kichwa yako wazi kwa chini, na kisichouruhusu wino udondoke ni kanieneo hasi: ndani ya katriji kuna sponji au mfuko wenye springi unaouvuta wino nyuma kidogo, kwa nguvu ndogo inayotosha kuuzuia usidondoke lakini isiyotosha kuuzuia kutoka unapoitwa. Tenki likishawekwa nje, kazi hiyo ya sponji huchukuliwa na kimo. Safu ya maji yenye urefu wa sentimita 1 ina kanieneo ya paskali 98 hivi, ambayo ni kama sehemu moja ya elfu ya kanieneo ya hewa inayomzunguka mtu, na kichwa cha printa huisikia tofauti ndogo kama hiyo. Tenki likiwekwa juu ya kabati huku printa ikiwa mezani, wino hutiririka wenyewe, hujaa chini ya kichwa, huchanganya rangi na kuishia sakafuni. Likiwekwa chini ya meza, kichwa hukosa wino, na kurasa hutoka na michirizi mieupe. Mahali pake ni pamoja na printa, juu ya meza ileile, sehemu ya chini ya tenki ikilingana na sehemu ya chini ya printa.

Lakini hapa kuna kitendawili, kwa maana tenki lililojaa lina kimo kikubwa kuliko lililokaribia kwisha, na kama kimo kingekuwa kinabadilika kila siku, printa ingechapa vizuri wiki moja na vibaya wiki inayofuata. Jibu limo katika muundo wa tenki, na anayelitazama kwa makini ataligundua: tenki moja lina vyumba viwili, kimoja kikubwa na kingine chembamba, vilivyotenganishwa na ukuta wenye upenyo mdogo chini kabisa. Chumba kikubwa kimezibwa juu kwa kizibo cha mpira kisichopitisha hewa. Chumba chembamba kina tundu la hewa lenye kichujio. Printa inapovuta wino, hewa huingia kupitia chumba chembamba, hupita chini ya ukuta na kupanda kama povu ndani ya chumba kikubwa, na kwa sababu hiyo kanieneo ya wino hubaki ileile ya usawa wa ule upenyo wa chini, hata kama chumba kikubwa kimejaa hadi shingoni. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Edme Mariotte, mwanafizikia Mfaransa wa karne ya 17, na kila mfugaji anaifahamu bila kuijua kwa jina, kwa kuwa chombo cha kunyweshea kuku, kile cha dumu lililopinduliwa juu ya sahani, hufanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Kutokana na muundo huo hutokea kosa linaloharibu mifumo mingi kuliko kosa jingine lolote. Wakati wa kuongeza wino, tundu la hewa la chumba chembamba linapaswa kuzibwa kwanza, wino umiminwe katika chumba kikubwa, kizibo kikubwa kirudishwe na kukazwa, na ndipo tundu la hewa lifunguliwe. Anayesahau kurudisha kizibo kikubwa, au anayekirudisha bila kukikaza, huwa amevifungua vyumba vyote viwili kwa pamoja. Kanuni ya Mariotte hukoma hapohapo, chumba chembamba hujaa hadi kichujio kiloane, na kichujio kilicholoana hakipitishi hewa tena. Dalili yake huonekana baada ya siku chache, rangi moja inapoanza kufifia katikati ya ukurasa huku tenki lake likiwa limejaa, na mwenye printa, akidhani kichwa kimeziba, huamuru kisafishwe mara tano mfululizo na kupoteza wino mwingi bila kugusa chanzo cha tatizo.

Ufungaji wenyewe una hatua mbili zinazostahili uangalifu. Hatua ya kwanza ni kutoa hewa katika mirija: wino huvutwa kwa bomba la sindano kutoka upande wa kichwa hadi mrija wote ujae na pasionekane povu hata moja, kwa kuwa povu lililobaki husafiri hadi kwenye matundu na kuyazuia kurusha wino. Hatua ya pili ni kuipanga mirija hiyo ili kibebeo, yaani kigari kinachokimbia na kichwa kushoto na kulia, kiweze kufika mwisho wa kila upande bila kuvuta mrija wala kuukunja. Fundi mzoefu hukisogeza kibebeo kwa mkono, printa ikiwa imezimwa, kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kufunika, na asiyefanya hivyo hugundua kosa lake anapousikia mrija ukisuguana na bati la printa. Povu linalorudi nyuma kuelekea tenkini wakati printa imepumzika ni ushahidi kwamba kuna kiungo kinachopitisha hewa, na hilo haliponi kwa kusafisha kichwa.

Kikwazo kingine hakihusiani na maji wala hewa, kwani watengenezaji walipachika kwenye katriji chipu, kipande kidogo cha elektroniki kinachohesabu matone yaliyorushwa na kuiarifu printa kwamba wino umekwisha, na chipu hiyo haiujui wino halisi uliopo bali hesabu yake tu, hivyo printa iliyofungiwa tenki lililojaa huweza kugoma kuchapa kwa madai kwamba haina wino. Wauzaji wa mifumo ya nje walijibu kwa chipu zinazojirudisha zenyewe kwenye hesabu ya mwanzo, na watengenezaji wakajibu kwa kubadilisha programu inayoendesha printa kutoka ndani. Mfano uliozua kelele nyingi ni wa tarehe 13 Septemba 2016, siku ambayo printa kadhaa za HP zilianza kuzikataa katriji zenye chipu za kampuni nyingine ambazo hadi jana yake zilikuwa zikikubaliwa. HP iliomba radhi kwa namna ilivyowasilisha jambo hilo na kutoa programu ya kuondoa kizuizi kwa hiari, lakini mwezi Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10 kwa sababu wanunuzi hawakuelezwa wazi juu ya vizuizi hivyo. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 30 Mei 2017, katika kesi baina ya Impression Products na Lexmark, kwamba mwenye hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, hawezi kuitumia haki hiyo kumdhibiti mnunuzi baada ya kumuuzia bidhaa. Kesi hiyo ilihusu tona, unga wa printa za leza, lakini msingi wake unagusa pia katriji za wino.

Wakati mahakama zikishughulika, soko lilikuwa limekwisha kutoa hukumu yake mahali pengine. Nchini Indonesia, mafundi wa mitaani walikuwa wakizifungia printa za Epson matenki ya nje kwa wingi kiasi kwamba watu wengi walinunua printa mpya wakikusudia tangu mwanzo kuipeleka kwa fundi. Kwa kampuni iliyotegemea mauzo ya katriji hali hiyo ilikuwa hasara mara mbili, kwa kuwa mashine iliuzwa kwa bei ya chini na wino ukanunuliwa kwa wengine, na printa ilipoharibika kwa kufungwa vibaya lawama iliangukia jina lililoandikwa juu yake. Epson ilichagua njia ambayo kampuni kubwa huichagua kwa nadra: mwezi Oktoba 2010 ilianza kuuza Indonesia printa za L100 na L200 zilizotoka kiwandani zikiwa na matenki, mashine ikipandishwa bei na wino ukishushwa. Printa za aina hiyo zilienea katika masoko ya Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, zikafika Ulaya mwaka 2014 na Marekani mwaka 2015 kwa jina la EcoTank, na washindani wakafuata, Canon kwa mfululizo wa G na HP kwa mfululizo wa GT. Ni haki kusema kwamba wanafunzi katika jambo hili walikuwa wahandisi wa kampuni, na walimu walikuwa mafundi wa vibandani, ingawa hakuna tangazo la biashara lililowahi kuwashukuru.

Kuanzia hapo swali la mnunuzi limebadilika. Zamani aliamua kati ya katriji na tenki la fundi; leo anaamua kati ya katriji, tenki la fundi na tenki la kiwandani, na kwa mtu ambaye bado hajanunua printa, tenki la fundi limepoteza sehemu kubwa ya mvuto wake. Printa ya kiwandani haihitaji chipu za kudanganya hesabu, mirija yake imepangwa ndani, na mtengenezaji hawezi kuitumia kama sababu ya kukataa dhamana. Chupa za Epson za namba 103, zinazotumika katika printa kama L3250, zina mililita 65. Nyeusi inakadiriwa kutoa kurasa 4,500, na tatu za rangi zikiwa pamoja kurasa 7,500. Msomaji anapaswa kujua kwamba makadirio hayo hupimwa kwa kurasa za majaribio za kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24712, zinazochapwa mfululizo kwa chupa za kujazia, na kwamba chupa za kwanza kabisa hutoa kurasa pungufu kwa sababu sehemu ya wino wake hubaki imejaza mirija na kichwa. Anayechapa picha zinazojaza karatasi nzima asitarajie idadi inayokaribia hiyo. Tenki la fundi bado lina nafasi yake kwa mtu ambaye tayari anayo printa ya Epson ya katriji iliyo nzima na anayechapa sana, kwa kuwa gharama ya mirija ni ndogo kuliko gharama ya mashine mpya.

Wino unaofika kwenye karatasi si wino wote unaonunuliwa. Mwaka 2013 jarida la Marekani la Consumer Reports lilipima printa zinazotumiwa kwa vipindi, kama zinavyotumiwa nyumbani, likakuta kwamba nyingi zilifikisha kwenye karatasi nusu tu ya wino wake au pungufu, na chache hazikuvuka asilimia 20 hadi 30. Kilichobaki kilitumika kusafisha kichwa. Printa ya tenki nayo hujisafisha, na unafuu wake ni kwamba wino unaopotea ni wa bei ndogo. Wino huo wa kusafishia huishia kwenye pedi za sponji zilizo chini ya mashine, na printa huhesabu kiasi kilichoingia; hesabu ikifikia kikomo, mashine husimama na kuonyesha ujumbe kwamba pedi zimefika mwisho wa maisha yake. Mafundi wengi hurudisha hesabu hiyo kwenye sifuri kwa programu ya kompyuta, kazi ya dakika chache wanayoiita kurisiti, lakini kurisiti hakukaushi sponji, na printa iliyorudishiwa hesabu mara mbili au tatu bila kubadilishiwa pedi itavuja juu ya meza. Baadhi ya modeli mpya zina kisanduku cha matengenezo ambacho mtumiaji mwenyewe anaweza kukichomoa na kuweka kingine, na kwa anayechapa sana hiyo ni sifa inayostahili kuongezewa fedha wakati wa kununua.

Adui mkubwa wa kichwa cha kuchapia ni kukauka, na katika miji ya Afrika Mashariki ukaukaji husaidiwa na umeme. Printa inapozimwa kwa kitufe chake, kibebeo hurudi pembeni na kichwa hukalia kifuniko cha mpira kinachokihifadhi na hewa. Inapozimwa ukutani, au umeme unapokatika katikati ya kazi, kichwa huweza kubaki wazi, na nyumba inayokosa umeme tangu saa moja jioni hadi asubuhi inakiacha kichwa hicho usiku kucha bila kifuniko. Inafaa printa izimwe kwa kitufe kila inapomaliza kazi, isiachwe ikisubiri mgao, na ichape angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Ukurasa wa kupimia matundu, ambao huchapa ngazi za mistari midogo ya rangi nne, ndio kipimo cha kuaminika: ngazi ikiwa kamili hakuna sababu ya kusafisha, ikikatika usafishaji mmoja au miwili unatosha, na isiporejea baada ya hapo ni heri printa iachwe saa kadhaa ili wino uliokauka ulainike kuliko kuendelea kuvuta wino bure. Inapohamishwa, iwe kwa bodaboda au kwa gari, isilazwe wala kuinamishwa, kwa kuwa wino wa tenki hauna sponji ya kuuzuia.

Kuhusu wino, jambo la kutofautisha ni aina mbili. Wino wa dai ni ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa majini, hung'aa kwenye picha lakini huchuruzika ukipata tone la maji. Wino wa pigmenti hubeba chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, hushika kwenye karatasi na hustahimili maji zaidi. Chupa za Epson 103 zote ni za dai, wakati nyeusi ya Canon GI-490 ni ya pigmenti, kwa hiyo cheti au barua iliyochapwa kwa ile ya kwanza na kubebwa mvuani haitafika kama ilivyotoka. Kuchanganya aina hizo mbili katika tenki moja ni njia ya hakika ya kuziba kichwa. Wino wa kampuni nyingine unaouzwa kwa chupa kubwa huweza kufanya kazi vizuri, lakini kwa mwenye printa ya tenki ya kiwandani akiba yake ni ndogo mno, maana wino halisi tayari umeshuka bei, na hatari anayoibeba ni ya kichwa ambacho bei yake hukaribia ile ya printa nzima.

Uamuzi wa kununua unapaswa kufanywa kwa kalamu. Ichukuliwe kwa mfano kwamba printa ya tenki inazidi ile ya katriji kwa shilingi 300,000, na kwamba kila ukurasa unaochapwa kwa tenki unaokoa shilingi 200 ukilinganishwa na katriji. Gharama ya ziada itarudi baada ya kurasa 1,500. Mwalimu wa masomo ya ziada anayechapa kurasa 300 kwa mwezi ataipata katika miezi mitano, na kila ukurasa baada ya hapo ni faida yake. Duka la steshenari linalochapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya majaribio na kadi za michango ya harusi litaipata ndani ya wiki chache, ndiyo maana katika maduka hayo ni vigumu siku hizi kukuta printa ya katriji ikifanya kazi. Familia inayochapa kurasa 30 kwa mwezi itasubiri miezi 50, muda unaozidi miaka minne, ambamo kichwa kinaweza kukauka zaidi ya mara moja na pedi kuhitaji fundi. Na nyumba inayochapa kurasa tano au sita kwa mwezi, aghalabu fomu ya shule na nakala ya kitambulisho, haina hesabu yoyote inayoiruhusu kununua printa ya wino ya aina yoyote ile. Ipeleke faili steshenari, na ikiwa ni lazima iwe na mashine yake, itafute printa ya leza inayochapa rangi nyeusi tu, kwa sababu tona ni unga na haikauki.